Plasi Kwenye Bodi

Athanasi, fundi umeme wa magari pale Bariadi, alikuwa na kanuni moja ya kufunga betri: plasi kwenye bodi, yaani waya wa chanya ndio ushikizwe kwenye chuma cha gari. Alifundishwa hivyo kwenye karakana ya ushirika, kwenye malori ya Kiingereza, na kwa malori yale ilikuwa sahihi. Taa na honi hazijali umeme unaingilia wapi. Lakini zilipokuja redio na alteneta za kuchaji betri, ambazo umeme ukigeuzwa huungua, viwanda vilikubaliana: minasi, yaani hasi, ndiyo ifungwe kwenye bodi, kwa magari yote. Athanasi alisikia habari hizo. Alizidharau.

Biashara huria ilipofika, Hilali aliuza duka la khanga la mkewe Mwanamisi, akanunua pikapu ya mtumba kutoka Japani ili akanunue pamba Kasoli. Msimu ulipokaribia kufunguliwa alileta betri mpya ifungwe.

"Fundi, hapa pamechorwa minasi," Hilali alisema, akionyesha alama kwenye bodi.

"Wewe uza khanga, baba. Betri niachie mimi."

Kichwa cha waya wa bodi kilikuwa chembamba, hakikuingia kwenye plasi ya betri, ambayo ni nene kuliko minasi. Gari lenyewe lilikuwa linakataa. Athanasi alikipanua kwa bisibisi, akakigonga kwa nyundo mpaka kikaingia. Alipogusisha waya wa pili, cheche ziliruka.

"Mayo, mama wee!" alipiga kelele muuza miwa aliyekuwa jirani. "Mnachoma gari au matofali?"

Hilali alikimbilia mchanga. Hapo ndipo Athanasi alipofanya jambo ambalo hadi leo sijamsamehe. Aling'oa waya, kisha, moshi ukiwa bado unafuka, akaanza kukwangua ile alama kwa bisibisi.

"Unafuta nini?" Mwanamisi, aliyekuwa amefuatana na mumewe, alimuuliza.

"Kutu, mama. Na mumeo aangalie majirani. Kuna mtu hakupenda mpate gari."

"Mchawi gani huyo mwenye bisibisi mkononi?"

Watu walicheka. Athanasi hakuona haya. Alifunga kisanduku chake akaenda kunywa chai. Kukosea ni kwa kila fundi. Kukwangua ushahidi na kumsingizia jirani uchawi ni uchafu, nami sina neno la kuupunguza.

Alteneta ilikuwa imeungua, na nyingine iliagizwa Dar es Salaam. Ilipofika, pamba ya Kasoli ilikuwa imeshanunuliwa na wengine. Hilali alipoteza msimu wote, kisha akaliuza gari kwa bei ya kutupa. Mwanamisi hakupata duka tena. Alimaliza miaka yake akiuza vitumbua barazani kwa watu.