Ng'ombe wa Noeli

Vibanda vya video vilipoingia Sumbawanga, niliapa nitakuwa mwigizaji maarufu. Nikaanzia kwenye igizo la Noeli parokiani. Nilitaka kuwa Herode. Wakanipa ng'ombe wa pangoni alipolazwa mtoto Yesu, eti sisi Wasukuma tuliohamia Ufipa na mifugo ndio tunaowajua ng'ombe. Upuuzi mtupu! Nikajifunika ngozi kwa hasira, nikalia kwa nguvu zangu zote. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata padri akawa anafuta machozi. Nikajiona nimeshafika.

Nje nilimkuta baba. Yeye hakuwa amecheka.

"Umenionaje, baba?"

Alinijibu kwa Kisukuma, polepole. "Umelia vizuri mno, mwanangu. Ng'ombe hulia vile akipotezana na kundi lake."