Upinde wa Mjomba na Upinde wa Lindi

Wapo watu Masasi mpaka leo wanaobisha kwamba mwanamke wa Newala aliwahi kumuua nguruwe dume kwa upinde. Mwanamke huyo ni mimi, na nguruwe yule tulimla. Nimechoka kubishana na watu ambao hawajawahi hata kufunga upote, yaani ile kamba ya upinde, ndiyo maana leo naandika.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita vya Maji Maji. Kaka yangu, ndugu yangu pekee wa tumbo moja, aliteremka upande wa Masasi vita vilipoanza na hakurudi. Mume wangu alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo. Kisha askari wakapita kaya kwa kaya wakikusanya magobori. Pinde hawakuzichukua, walizicheka. Magobori yalipokwisha kuondoka, nguruwe nao wakajua, sijui nani aliwaambia. Walitoka vichakani makundi kwa makundi, wakala mihogo na mtama wala hawakuogopa mtu. Mimi nilikuwa na mama mzee, watoto wawili na shamba moja la mtama. Likiliwa hilo, tungebaki na ming'oko ya kuchimba porini, na watu walikuwa wameichimba hata mashimo yakawa mengi kuliko mizizi.

Nyumbani palikuwa na upinde mmoja. Mume wangu aliporudi mara ya kwanza kutoka Lindi alikuja nao. Alibadilishana na mpagazi wa kutoka kaskazini, akampa shuka. Ulikuwa mfupi, na ncha zake mbili zilipinda kwenda mbele, zimebinuka kama midomo ya mtoto aliyenuna. Ndani ulikuwa wa mti, na mgongoni ulibandikwa mishipa ya mnyama kwa gundi. Mume wangu alikaa siku nne tu, wakamchukua tena kabla hajanionyesha namna ya kuutumia.

Mjomba wangu, kaka wa mama, akaja kuutazama. Alikuwa mwindaji mwenye sifa kubwa, na nyingi ya sifa hizo alizitangaza mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo aliupapasa.

"Huu umevunjika huku na huku," alisema. "Mumeo kauziwa kuni."

Hata hivyo akataka aufunge upote yeye. Pinde zetu ni mti mmoja mrefu, ulionyooka. Unaukunja, unafunga kamba, basi. Mjomba akauona upinde ule umekwisha kuanza kukunjika wenyewe, akafuata palepale ulipoelekea. Akauwekea goti, akaukunja kwa nguvu zake zote. Upinde ukamponyoka, ukageuka, ukampiga kidevuni. Mama yangu alicheka mpaka akaketi chini. Mjomba akaondoka bila kuaga.

Nilikaa nao siku tatu nikiugeuzageuza. Siku ya tatu nikaona mikwaruzo ya kamba kwenye ncha, na ilikuwa upande ambao hakuna mtu wa kwetu ambaye angeudhania. Kumbe upinde ule hukunjwa kinyume na ulivyopinda! Nikaukunja kinyume, nikaufunga. Mshale wa kwanza niliulenga ukuta wa ghala, ukazama nusu. Nilijisikia mtu. Nikaanza kupita mbele ya kaya ya mjomba nikiwa nimeuning'iniza begani, hata siku ambazo sikuwa na safari ya kupita huko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa najisifu mwenyewe.

Tena ulinifaa kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Dungu letu lilikuwa na paa la chini. Upinde mrefu ungegonga nguzo kila ukiuinua. Wangu uligeuka humo bila shida. Kwa mtu anayeuliza upi bora, nasema kweli: ule mfupi ni mwepesi, una kasi, na haumchoshi mtu mkono. Lakini haukutengenezwa Newala.

Mtama ulipoanza kukomaa, ukungu wa asubuhi ukaanza nao. Kwetu juu ukungu huo huingia hata ndani ya nyumba, nguo zikalowana zikiwa zimetundikwa. Niliamka alfajiri nikapanda dunguni na upinde wangu. Kulipopambazuka wakaja nguruwe saba, na mbele yao dume mkubwa ambaye sikio lake moja lilikuwa limechanika. Nikavuta. Upinde ulikuwa laini. Gundi ilikuwa imenywa unyevu, mishipa imelegea, na ncha moja ikajisokota pembeni. Mshale ukaanguka hatua nne mbele yangu. Yule dume akauangalia, kisha akaendelea kula. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na walipoondoka pembe nzima ya shamba ilikuwa imelala. Nililia kwa hasira, siwezi kuficha.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kuni zako zimekataa?"

"Zimekataa. Nataka upinde wako."

Kwetu mali ya mtu haimfuati mwanawe, humfuata mtoto wa dada yake. Upinde wa mjomba, mrefu kuliko mimi kwa shubiri nzima, alipewa na mjomba wake. Ungekuwa wa kaka yangu. Wanawe mwenyewe walikuwa wawindaji hodari na walikuwa wameketi palepale, lakini hakuna hata mmoja aliyeunyoshea mkono, maana wao ni wa tumbo la mama yao.

"Upinde haukai kwa mwanamke," alisema. "Nimekwisha kusema nikifa uchomwe."

"Mjomba, dada yako alizaa watoto wawili. Mmoja hayupo. Unachoma cha nani?"

Mwanawe mkubwa aliinama kutazama miguu yake. Mjomba akaingia ndani, akatoka na upinde umekwisha kufungwa upote, akanitupia.

"Uvute. Ukifika sikioni, chukua. Usipofika, usinisumbue tena."

Mara ya kwanza niliuvuta kwa mikono, ukafika kifuani ukakwama. Wanawe wakatabasamu. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi sijawahi kubeba kitu kizito kwa mikono. Sisi wanawake wa uwanda wa juu hatuna maji. Tunateremka bondeni gizagiza na kupanda genge na mtungi kichwani, kila siku ya Mungu, tangu utotoni. Nguvu yangu yote iko mgongoni. Nikanyoosha shingo, nikabana mabega kama ninavyoyabana penye ule mwinuko mbaya wa genge, nikauvuta kwa mgongo. Upote ukafika sikioni. Nikaushikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kusudi waone.

Niliuchukua nikaondoka.

Dunguni haukuingia, kwa hiyo kesho yake nilisimama chini, kwenye pengo la ua wa shamba ambalo nguruwe walikuwa wakipitia. Mama alinisihi nisiende, nami sikumsikiliza. Ukungu ulikuwa mzito vilevile, lakini mti ni mti. Upinde ulikuwa mgumu kama jana yake. Dume akatokea wa kwanza, hatua kumi hivi kutoka nilipokuwa. Nikabana mabega, nikavuta, nikaachia. Mshale ukamwingia nyuma ya bega. Alinijia, nikaruka kwenye miiba, akapita akaingia kichakani. Wana wa mjomba walimfuata kwa mbwa wakamkuta amekufa, na hawakuacha kuniuliza nilisimama wapi na nilivuta vipi. Niliwaeleza kila mmoja kwa wakati wake. Jirani zetu waliokuwa wamesilimu waliikataa nyama lakini walikuja kuutazama mshale.

Paja la kwanza ni la mwenye upinde. Nilimpelekea mjomba pamoja na upinde wake, maana kuuchukua si kuurithi, nikaviweka mbele yake.

Akanyoosha mkono, akalipapasa paja, kisha akaupapasa upinde kutoka ncha hadi ncha. Akaniambia nisimame wima. Akauweka upinde kando yangu, na kiganja chake kikapanda polepole kutoka begani hadi kwenye paji la uso wangu, kikatulia hapo.

Kwetu upinde hukatwa kwa kimo cha mwenyewe, uishie kwenye paji la uso. Kila mtu pale alilijua hilo, na mwanawe mkubwa akainuka bila kuambiwa akamletea kisu.

Mjomba akapima kwa vidole, akakata ncha ya juu. Akaugeuza, akakata ncha ya chini kiasi kilekile, kisha akachonga upya mahali pa kushika upote. Ilimchukua muda, kwa macho yale, na hakutaka asaidiwe. Vile vipande viwili alivitupa motoni, akaniambia niweke nyama.