Kitambaa cha Eda cha Moliehi

Chuo kilikuwa mazizi ya zamani ya farasi, huko milimani Lesotho, na wanakijiji hawakuchoka kuwacheka wasomi wanaosaka shahada ya uzamili penye samadi. Madarasa hayakuwepo. Kila mwanafunzi alilima chakula chake na kuchemsha rangi zake, na kazi ya mwisho ilitakiwa itokane na kitu cha nyumbani kwake. Moliehi, mwalimu wa shule ya msingi aliyefiwa na mumewe Sechaba, alifuma zulia la ukutani kwa sufu ya mbuzi. Watahini walikuwa waje kesho, na walimu walishamhakikishia kwamba shahada ni yake.

Siku hiyo wifi yake, Keneuoe, akaja kumletea unga. Alilitazama zulia, akapitisha kidole kwenye michirizi myeusi ya katikati, kisha akakaa chini. Nguo nyeusi ya msiba aliyovaa Moliehi alikuwa ameishona yeye mwenyewe, angeisahauje? Eda ilipokwisha, ukoo uliichoma moto kama ilivyo ada, ili mjane awe huru na marehemu apumzike. Kumbe Moliehi alikata kipande akakificha, akaja kukifumua nyuzi na kuzifuma humu.

"Wifi, hii si ile?"

"Ndiyo yenyewe."

"Tukachinja, tukakunyoa, tukakuvika nguo mpya. Kumbe tulikuwa tunacheza."

Moliehi alijitetea kwamba hakuwa na njia nyingine ya kubaki na mumewe. Keneuoe hakumfokea.

"Kaka yangu hajapumzika, wifi. Na wewe hujapumzika. Jitazame ulivyokonda."

Maneno yale yalimchoma kwa kuwa yalikuwa kweli. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi, halafu akaomba mkasi. Walichomoa nyuzi nyeusi pamoja, zulia likalegea na kutoboka katikati, wakazichoma nje ya zizi.

Kesho yake watahini walikuta tundu. Mkubwa wao alimwuliza, kwa masikitiko, kwa nini ameiharibu kazi nzuri namna ile.

"Nilikuwa sijaanua matanga," Moliehi alijibu.

Wakateta kando, wakarudi na kumnyima shahada. Iliuma, tusidanganyane, jasho la miaka miwili si mchezo.

Keneuoe alikuwa akimngoja nje na farasi. Akamwuliza wamempa nini.

"Hawakunipa kitu."

"Basi twende. Kaburi limeota majani, na mwenye kuyang'oa ni wewe."

Moliehi, ambaye hakuwahi kukanyaga pale tangu maziko, akapanda nyuma yake.