Kaa Nyuma Yangu

Mama Kengele ni dobi, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu kengele ya baiskeli yake hufika mlangoni kabla yake. Nyonga ya kulia ilimharibikia zamani. Akitembea, huyumba na kushika ukuta. Akishapanda baiskeli, lo, humjui! Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kufunga nguo zilizopigwa pasi kwenye keria, humshukuru Mungu kwa barabara ya pwani: imenyooka, tambarare, haina kilima hata cha kusingizia. Chumvi ya bahari inakula vyuma, hilo hakatai, lakini kila jioni hufuta mnyororo kwa kitambaa chenye mafuta, yakaisha.

Basi kifunguamimba wake akaja na gari kumchukua akaishi naye milimani. Tusimseme vibaya, nia yake ilikuwa njema. Mama amefua vya kutosha, alisema, sasa akapumzike barazani. Begi akalifunga na kulipakia mwenyewe. Mama hakubisha, maana mtoto anayekukumbuka si wa kukaripiwa. Aliomba jambo moja tu, wapeleke pamoja nguo za mwisho kwa wateja wa mwishoni mwa barabara. Mwana akaazima baiskeli ya jirani.

Kwenda, upepo ulikuwa mgongoni. Bwana mkubwa akatangulia, shati limefura, anajisifu kwamba mapafu yake bado ni ya ujana. Kila mgeni wa pwani, hata aliyekulia hapa akahama, hufanya kosa hilo, husukumwa na upepo akadhani ni nguvu zake.

Kurudi ndipo kazi ilipoanza. Upepo ukamjia usoni, akawa anakanyaga pedali kwa uzito wote na hasogei. Ulimi nje, maringo kwisha. Mama akampita taratibu, ameinama kidogo, kengele ikalia mara moja.

"Kaa nyuma yangu, baba," akamwambia. "Karibu na gurudumu. Upepo niachie mimi."

Akakaa, na kweli upepo ukapungua. Mbele yake ulikuwa mgongo uleule aliokuwa akiukumbatia utotoni, amepakiwa kwenye keria akipelekwa shule. Haukuyumba hata kidogo. Akashukuru kimoyomoyo, na haya zikamshika.

Nyumbani mama akashuka, na papo hapo akawa mtu mwingine: akayumba, akaufuata ukuta kwa mkono hadi mlangoni. Mwanawe akabaki amesimama na baiskeli mbili. Kule kwake ni vilima vitupu, ukimaliza kupanda unashuka. Alisema mama akakae barazani, na kweli angekaa, hana pa kwenda.

Akaliendea gari, akalishusha begi.

"Vipi tena?" mama akauliza.

"Kule hakuna barabara yako, mama."

Kisha akaomba kile kitambaa chenye mafuta, akachutama, akaanza kufuta mnyororo.