Namba Iliyoshinda Kombe

Harufu ya zafarani iliyoyeyushwa kwa marashi ya waridi hunirudisha mpaka leo Jang'ombe, kwenye nyumba ya bibi yangu, Bi Mwanaisha, aliyenilea. Nilikuwa darasa la sita. Ilikuwa masika, maji yamejaa njiani na watoto tumefungiwa ndani. Kwa kukosa la kufanya, nilichukua simu ya Bibi nikazidisha 142857, namba niliyoisikia kwa wasichana wakubwa skuli. Kwa mbili nikapata 285714. Kwa tatu, 428571. Nikashtuka: tarakimu zilezile, kwa mfuatano uleule, ila zimeanzia pengine. Nikaenda mpaka sita, ni zizo kwa zizo. Nikazidisha kwa saba, zikatoka tisa tupu: 999999. Nywele zilinisimama.

Nikazinakili kwa chaki sakafuni, mstari chini ya mstari. Bibi akaingia kutoka jikoni, akaziona, sinia la mchele likamponyoka. Tarakimu zilizopangwa namna ile alizijua mahali pamoja tu, ndani ya hirizi.

"Nani kakufundisha uchawi?"

"Hesabu hii, Bibi."

"Hesabu gani inayozunguka ikarudi ilikotoka? Nikiiona tena humu ndani, utakwenda Makunduchi kwa mjomba wako, na skuli basi!"

Sakafu ikaoshwa. Mwalimu wangu wa chuoni, anayetusomesha Kurani, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazikosha kwa marashi, nikawa nalinywa kombe lile kila asubuhi kabla ya chai, uchawi unitoke. Niliogopa kweli. Skuli niliipenda kuliko nguo za Idi.

Haukupita muda, mwalimu wetu wa hesabu akagawa moja kwa saba ubaoni. Sifuri, nukta, moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Halafu tena moja, nne, mbili... Nilipiga ukelele, darasa zima likanigeukia. Kombe lote lile, na namba imenifuata! Mwalimu alicheka, akatuonyesha kwamba ukigawa kwa saba, baki haiwezi kuzidi sita; zikishatoka zote, lazima irudi ya mwanzo. Hapakuwa na mganga.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Bibi yote, maana ukelele wangu watoto wa majirani wangemfikishia tu. Alinisikiliza bila ya kunikatiza.

"Na huko kugawa kunakwisha lini?"

"Hakukwishi, Bibi."

Safari hii aliyeshtuka ni yeye. Alinitolea macho.

"Subhanallah," akasema. "Basi kasome. Ukifika mwisho wake, uje unambie."

Siku hizi nasomesha hesabu hapa mjini. Wanafunzi wangu wanabonyeza simu, jibu linatoka, wanaandika, wanapita. Hakuna anayeshtuka, na hilo ndilo linalonishtua mimi. Bibi ametangulia mbele ya haki. Uhai wake wote, kila nikienda kumwamkia, akishaitikia marahaba huuliza, "Ushafika?" nami humjibu, "Bado, Bibi." Bado sijafika, na hakuna tena anayeniuliza.