Siku Tuliyokwenda Kukata Ndago

Shangazi yangu wa Old Korogwe alikuwa msukaji wa mikeka ya ndago, yale majani marefu yanayoota kwenye tope kando ya mto. Alipofiwa na mumewe nilitoka Chanika, Handeni, nikaenda kukaa naye. Asubuhi moja akasema arusi ya binti wa jirani imekaribia na ndago zimemwishia, twende tukakate.

Njiani alinishika mkono. Nilidhani ni mapenzi tu.

Tulipofika alitangulia kuingia na mundu wake, akipapasa kila shina kabla ya kulikata. Mimi nilikuwa nyuma nafunga matita. Nilipoinua kichwa nikaona gogo jeusi limelala topeni, hatua tano hivi mbele yake. Kisha gogo likafumbua jicho.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kutazama mamba kabla ya kukanyaga, lakini sasa alizidi kumsogelea: ananyoosha mkono, anakata, anasogea. Ndipo nikaelewa kwamba hamwoni. Niliogopa kupiga kelele asije akashtuka akaanguka.

"Shangazi," nikasema polepole, "simama hapo hapo. Sasa rudi nyuma, fuata sauti yangu."

Alirudi kinyumenyume, tope likimng'ang'ania, ndara moja ikabaki humo. Mamba akageuza kichwa. Nilijinyoosha mpaka nikalipata gauni lake, nikamvuta, tukaangukia juu ya tita. Nyuma yetu maji yakapiga kishindo. Sikujua kama mamba anaondoka au anakuja. Tulikimbia mpaka barabarani.

Tukiwa tumekaa chini tunahema, akaniambia macho yake yameingia ukungu tangu mfungo wa Ramadhani. Akaniomba nisimwambie mtu, maana watoto wake watamkataza kusuka.

Siku ile ile nilikwenda Manundu anakokaa mwanawe, nikamweleza. Wiki mbili shangazi hakunisemesha, zaidi ya kuitikia shikamoo yangu. Alikuwa akisuka peke yake barazani, anafumua, anaanza upya, nami nasikia uchungu na siwezi kumsogelea. Siku moja akaniinulia mkeka.

"Hapa nimeweka nyekundu au kijani?"

"Kijani, shangazi."

"Basi kaa hapa."

Baadaye alipasuliwa jicho moja, likapona. La pili halikupata nafuu. Mtoni hakurudi tena. Ndago nakata mimi na wenzangu wawili, na mmoja wetu hakati chochote, anasimama ukingoni kutazama maji.