Ukuta wa Asunta

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Koboko, mwanangu, nilipokuwa msichana mwenye maringo kuliko akili. Krismasi ilikaribia, na wasichana tulikuwa tunasiriba nyumba ya jiko. Udongo mwekundu tuliuchimba wenyewe, weupe ulitoka kwenye majivu, weusi kwenye masizi ya sufuria. Tuliimba, tukapakana matope usoni, tukacheka hadi mbavu zikauma. Raha ile naitamani hata leo.

Mama alitugawia ukuta: upande mmoja wangu, wa pili wa Asunta, msichana aliyekimbia vita Sudani akafika kwetu peke yake. Mimi nilichora maua. Asunta akachora mwanamke mwenye mzigo kichwani, na mtoto ameshika kitenge chake. Basi! Kila mgeni aliyapita maua yangu akaenda kusimama kwa Asunta. Wivu ukanipanda. Wenzangu walipokwenda kisimani, nilichota kinyesi cha ng'ombe nikaupaka ukuta wake wote, kisha nikasema mbuzi amejisugua pale.

Njia ya mwongo ni fupi. Bibi yangu alisogea, akatazama, akauliza, "Mbuzi gani iko na vidole tano?"

Hakunipiga, heri angenipiga. "Mama yake alikufa kwa njia," akasema. "Kaburi hakuna, picha hakuna. Huyu mtoto iko na ile ukuta tu."

Nililia, nikauosha ukuta, nikamwomba Asunta msamaha, nikampa na upande wangu. Alijaribu kuchora mara tatu. Mara ya tatu aliweka udongo chini, akasema, "Sura yake haiji tena." Hakunitukana. Baadaye ndugu zake walikuja kumchukua, nami sikumwona tena. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amezeeka pamoja nami.

Jana uliponipeleka kule Mvara, wewe na wenzako mkitundika picha za maonyesho yenu ya utoto wa wasichana, nilifurahi sana. Yupo aliyechora mama akimsuka nywele, yupo aliyechora sare yake ya kwanza ya shule. Halafu nikakusikia ukiwaambia wenzako waondoe picha ya binti mmoja wa Kongo, ya msichana anayefunga mzigo nyumba ikiungua. Ulisema, "Hii inaharibu kazi. Sisi hapana kukua hivi."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ulikua umeshiba na umelala salama, namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi mwenyewe nilikupikia. Lakini utoto wa mwenzako si wako kuufuta, hata kama unakuumiza macho.

Kesho, kabla wageni hawajaingia, irudishe picha mahali pake, umwombe binti yule msamaha kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi niliomba nimechelewa. Wewe bado una asubuhi nzima. Mungu akubariki, mwanangu, akupe moyo mpana, na siku ukizeeka asiwepo binti anayeogopa kukuonyesha alikotoka.